Taa ya projekta imepasuka katikati ya derby: nimeiua mimi au shemeji aliniazima iliyokwisha?

#1 MtuWaIgogo
Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye hoja moja kwa moja.

Nina banda la mpira huku Igogo, Mwanza. Televisheni yangu ya inchi 43 ilishaanza kunikimbizia wateja, wale wa benchi la nyuma wanasema wanaangalia siafu. Siku ya derby nikaazima projekta kwa shemeji yangu, yeye hukodisha vifaa vya sherehe. Nikatundika shuka jeupe, banda likafurika, kiingilio jero.

Dakika ya 60 na kitu umeme ukakata. Watu "rudisha hela! rudisha hela!" Kijana wangu akakimbilia jenereta, akavuta kamba, baada ya kama dakika mbili taa za banda zikawaka. Nikabonyeza projekta. Feni inavuma, picha hakuna. Nikachomoa waya kwenye ekstensheni, nikachomeka tena, nikabonyeza. Ikaanza kuwaka, mwanga hafifu, halafu PAAA! Kama chupa ya soda imeangukia sementi. Na vumbi jeupe likatoka kwenye matundu ya pembeni.

Shemeji anasema nimeizima vibaya, nilipe taa. Fundi mmoja wa mjini naye kasema hivyo hivyo, kwamba hizi mashine hazichomolewi zikiwa za moto. Sasa mimi nauliza: mimi nilizima au umeme ndio ulizima? Na hivi hii kitu inawashwa na kuzimwa vipi kwa usalama? Ndoa ya dada yangu inaanza kuyumba kwa ajili ya balbu.

#2 Sato_wa_Kuchoma
Matokeo yalikuwaje lakini?

#3 KijanaWaPasiansi
#2 waliokuwa kwenye hilo banda hadi leo hawajui.

#4 FundiBuzuruga
MtuWaIgogo, pole. Nimefungua hizi mashine miaka mingi, ngoja nikupe darasa kidogo.

Taa iliyomo humo si balbu kama ya sebuleni. Haina waya mwembamba unaowaka. Ni kijichupa kidogo cha kioo kigumu sana, ndani kuna zebaki na ncha mbili za chuma zilizokaribiana. Umeme unaruka kutoka ncha hii kwenda ile kama radi ndogo isiyoisha. Zikiwaka sawasawa, mgandamizo wa ndani unafika mara 200 ya hewa hii tunayovuta, na ukuta wa kioo unakaribia nyuzi 1,000 za Selisiasi. Sasa fikiria kitu hicho kimefungwa kwenye boksi la plastiki. Kinachokifanya kisiyeyushe boksi ni feni peke yake.

Ndiyo maana ukibonyeza kuzima, taa inazimika lakini feni inaendelea, sekunde 30, nyingine hadi dakika mbili. Kijitaa cha nje kinakonyeza. Kikiacha kukonyeza na feni ikanyamaza, hapo ndipo unachomoa. Ukichomoa kabla, joto lote linabaki pale pale, linapanda kwenye plastiki na vioo vya rangi.

Hapa kuna makosa mawili. La kwanza si lako, umeme ulikata. La pili ni lako kabisa: uliwasha ikiwa bado ya moto, ikakataa, ukailazimisha. Taa ya zebaki ya moto haitaki kuwashwa. Mvuke ukiwa umejaa ndani, inahitaji msukumo wa umeme mkubwa kuliko ikiwa baridi, na ile ya baridi tu inaanzia kwenye maelfu ya volti. Ungesubiri dakika 10 tusingekuwa na uzi huu.

#5 MtuWaIgogo
Dakika 10 na watu 80 wanadai hela zao? Mkuu hujawahi kuwa na banda wewe.

#6 FundiBuzuruga
Sasa si umelipa kwa njia nyingine.

#7 MamaKwaya
Mimi ndiye mshika projekta wa kanisa letu Nyakato. Kwetu hakuna mtu wa kugusa ule waya. Nimezungushia plasta kwenye plagi na nimeandika kwa kalamu nyekundu USICHOMOE. Utaratibu wangu: natoa kifuniko cha lenzi kwanza (kuna kijana aliwasha kikiwa kimefunikwa, kikajikunja kama chapati), nachomeka, nasubiri kijitaa kitulie, nabonyeza mara moja tu, nasubiri picha ikolee, ndipo nawasha laptopu. Kuzima nabonyeza mara mbili, natoka kwenda kusalimiana na watu, nikirudi imeshanyamaza.

Miaka sita taa ni ile ile, haijawahi kuleta shida. Kwa hiyo mimi naamini ni uzimaji.

#8 HesabuKwanza
Mama yangu MamaKwaya, heshima yako, ila tupige hesabu. Ibada saa 2 kwa Jumapili, mara 52, ni saa 104 kwa mwaka. Miaka sita ni saa 624. Taa hizi nyingi zinaandikwa saa 2,000 hadi 5,000, kutegemea mashine na kama unatumia ule mwanga wa kubana matumizi. Yako bado bikira. Hata ungekuwa unaichomoa kila Jumapili huenda ingekuwa hai.

#9 MamaKwaya
Na mkesha wa mwaka mpya? Na semina za ndoa? Na mazoezi ya kwaya Alhamisi?

#10 HesabuKwanza
Haya weka saa 1,500 mama, nisije nikaombewa vibaya.

#11 KivukoKamanga
Mimi nitawapa kisa. Mwaka fulani kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kuisha, tulikuwa na semina ya walimu upande wa Kamanga. Projekta tulitoka nayo mjini. Semina ikachelewa kumalizika, na kivuko cha mwisho hakimsubiri mtu. Mratibu akasema "funga funga twende". Nikachomoa waya picha ikiwa bado ukutani, nikaitumbukiza kwenye begi ya moto hivyo hivyo, nikapanda bodaboda nayo mapajani. Barabara ya vumbi, matuta, mawe. Mapaja yalipata joto kama nimebeba sufuria ya ugali.

Kesho yake tunaiwasha ofisini, inawaka! Picha safi. Ila kona moja ya picha ikawa na doa la njano kama chai ya maziwa, na halikutoka tena. Taa haikupasuka. Kwa hiyo #4 ana ukweli kwenye joto kuganda ndani, lakini kwenye kupasuka sijui.

#12 FundiBuzuruga
#11 hilo doa ni vioo vya rangi vimeungua, kama mashine yako ni ya LCD, zile zinazopitisha mwanga kwenye vioo hivyo. Kuna karatasi nyembamba za kuchuja mwanga mbele ya kila kioo, zikichemka zinageuka njano. Umejibu mwenyewe. Na kuibeba kwenye bodaboda ikiwa ya moto nako ni kuomba balaa, kile kijichupa kikiwa na joto hakipendi kutikiswa.

#13 Mzawa_wa_Kayenze
Nyote mnazunguka. Hapa Mwanza adui wa projekta namba moja ni wadudu wa ziwani.

Wale vijidudu wanaopanda kutoka majini kama moshi, mtu mgeni akiwaona kwa mbali anadhani ziwa linaungua. Wanafuata mwanga. Nilipiga kazi ya harusi ya nje Kayenze, karibu kabisa na maji, usiku usio na mbalamwezi. Saa mbili usiku walikuja. MC alifunga mdomo, na MC kufunga mdomo si jambo dogo. Projekta ndiyo ilikuwa mwanga mkali kuliko vyote pale, wakaingia mtungo kwenye matundu ya hewa. Saa tatu ikajizima yenyewe, kijitaa chekundu cha joto. Kufungua filta asubuhi: tabaka la wadudu kama kashata.

MtuWaIgogo, Igogo na ziwa ni pua na mdomo. Umewahi kufungua filta ya hiyo mashine?

#14 MtuWaIgogo
Filta iko wapi?

#15 Mzawa_wa_Kayenze
Kesi imefungwa.

#16 FundiBuzuruga
Haijafungwa. Filta ikiziba mashine inajizima yenyewe kwa joto, kama ilivyojizima yako #13. Haipasui taa dakika ya pili baada ya kuwashwa. Ingawa nakubali, mashine iliyozoea kupumua kwa shida miezi mingi taa yake inachoka mapema.

#17 Mzawa_wa_Kayenze
"Ingawa nakubali." Asante.

#18 MwalimuChaki
Vijana, nimestaafu ualimu, nisomeeni taratibu.

Enzi zetu chuoni tulikuwa na projekta za slaidi za Kodak, zile zenye sahani ya duara juu. Swichi yake ilikuwa na hatua: kuzima, feni peke yake, mwanga mdogo, mwanga mkubwa. Ukimaliza somo unarudisha hatua ya feni, unawaachia wanafunzi wanakili ubaoni, ukiisikia imepoa ndipo unazima kabisa. Mkufunzi wetu alikuwa anaweka kiganja juu yake kama anapima homa ya mtoto. Kazi hiyo ya kiganja sasa inafanywa na mashine yenyewe, ndiyo maana ninyi mmesahau kwamba ipo.

#19 KijanaWaPasiansi
Shikamoo mwalimu. Hii ya kiganja nimeipenda.

#20 MwalimuChaki
Marahaba. Usiweke kiganja kwenye tundu linalotoa hewa, utaungua.

#21 LezaTupu
Mnateseka bure. Nunueni ya leza. Haina taa ya zebaki, watengenezaji wanaandika saa 20,000, unawasha inawaka hapo hapo, unazima imezima. Umeme ukikata, ukirudi unaendelea na mechi.

#22 Sato_wa_Kuchoma
#21 na hela unatoa wewe?

#23 HesabuKwanza
#21 yuko sahihi kwenye teknolojia, tatizo bei. Banda la jero jero utarudisha lini? Ila zipo ndogo za LED, nazo hazina zebaki na zinavumilia kuzimwa ghafla. Tatizo lake mwanga. Ukitoa macho kwenye makaratasi ya matangazo utaona lumeni elfu nyingi, ukiiweka bandani mchana bati likiwa na matundu, mpira unausikia tu.

#24 LezaTupu
Hata za taa siku hizi si zote zinahitaji kusubiri. Baadhi ya Epson wanaandika kwenye kitabu kabisa kwamba unaweza kuzima na kuchomoa bila kungoja ipoe. Kwa hiyo FundiBuzuruga, "hazichomolewi" si sheria ya mashine zote. MtuWaIgogo taja ni aina gani, kila mtu hapa anatibu mgonjwa ambaye hajamwona.

#25 FundiBuzuruga
Kuchomoa bila kungoja, sawa, kwa hizo zilizotengenezwa hivyo. Kuwasha tena papo hapo ni habari nyingine. Msichanganye kuzima na kuwasha.

#26 MtuWaIgogo
Stika imefutika. Nembo imebaki herufi mbili. Shemeji mwenyewe anaiita "ile nyeupe".

#27 MkaziWaMabatini
Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye uzi. Ninavyoelewa, mtu akiazima kitu cha watu kikiwa kizima, kikaharibika mikononi mwake, analipa. Haya ya zebaki na Kodak yanahusika vipi?

#28 KijanaWaPasiansi
Shemeji huyu hapa 😂

#29 MkaziWaMabatini
Mimi si shemeji. Naongea kama raia.

#30 UmemeNiMaji
Jamani hakuna aliyetaja jenereta? Mimi ni fundi umeme, huwa nafanya kazi hizi upande wa Mkuyuni na Nyegezi.

MtuWaIgogo kasema kijana alivuta kamba na taa za banda zikawaka. Maana yake jenereta liliwashwa mzigo ukiwa tayari umechomekwa, projekta ikiwemo. Hizi jenereta ndogo zikianza hazina adabu: volti zinashuka, zinapaa, ndipo zinatulia. Na likikaribia kuishiwa mafuta linaanza kukohoa, volti zinacheza hivyo hivyo. Kwetu kawaida ni volti 230, sasa kifaa cha watu unakipa sijui ngapi.

Utaratibu: vuta kamba, acha lingurume dakika mbili tatu likiwa tupu, washa taa na spika, projekta iwe ya mwisho kuchomekwa na ya kwanza kuzimwa. Na kati yake na jenereta weka UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikata. UPS si ya kuangalizia mechi nzima, ni ya kuipa feni dakika zake za kupoza umeme ukikata. Hata ile kuukuu ya kompyuta ya dukani inatosha, mradi wati zake zinabeba projekta.

Kwa hiyo kesi yangu: jenereta ndiyo muuaji.

#31 LezaTupu
Hapana mkuu. Ndani ya projekta kuna kifaa kinachopanga umeme wa taa, na nyingi zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240. Jenereta likizidisha, kinachokufa ni hicho kifaa au fyuzi, na taa inabaki nzima. Hapa kimekufa kijichupa.

#32 UmemeNiMaji
Nimeshaona vyote viwili vimekufa pamoja.

#33 LezaTupu
Na MtuWaIgogo je, mashine yake ukiondoa taa iko hai?

#34 MtuWaIgogo
Ikichomekwa kijitaa kinawaka, feni inazunguka, kisha inaleta kijitaa chekundu pembeni ya alama ya balbu. Naona ni hai.

Halafu wakuu, lile vumbi jeupe nililifuta kwa kitambaa, mengine kwa mkono. Ni sawa?

#35 FundiBuzuruga
Si sawa! Taa ikipasuka unafungua madirisha, unatoa watu nje, hewa inapita nusu saa, ndipo unaokota vigae ukiwa na glavu. Ndani kuna zebaki, miligramu kadhaa tu, ila mvuke wake si wa kuvuta. Nawa mikono, kitambaa usikifue na nguo za watoto, na mashine usiitikisetikise, vigae vingine bado vimo ndani.

#36 DhahabuNyarugusu
Zebaki? Usitupe hicho kitambaa, nitumie huku Geita nikakamatie dhahabu.

#37 HesabuKwanza
#36 kwa miligramu hizo utakamata punje moja ya mchanga uigawe kwa wanahisa.

#38 DhahabuNyarugusu
Ila utani pembeni, huku tumeona watu mikono inawatetemeka kwa kuishika zebaki miaka mingi. Kijana asiichezee.

#39 Nyanda_wa_Kisesa
Nina wazo tofauti. Tatizo la MtuWaIgogo ni mwinuko. Mwanza ni nyanda za juu, hewa nyepesi, haibebi joto vizuri. Kwenye menyu kuna sehemu ya mwinuko mkubwa inayozidisha kasi ya feni. Shemeji hakuiwasha. Wabeja (asanteni).

#40 MwalimuChaki
Nyanda, sehemu hiyo ipo, na sababu uliyotoa ni ya kweli. Lakini ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vitabu vingi vya mashine hizi vinaanza kudai kasi hiyo kwenye mita 1,500. Ungekuwa Njombe au Mbeya mjini ningekupa maksi. Hapa labda uipeleke kwenye kilima kirefu kuliko ninavyovijua.

#41 Nyanda_wa_Kisesa
Nimepokea mwalimu. Basi nusu maksi.

#42 MtuWaIgogo
Taarifa mpya. Nimempigia shemeji nikamuuliza taa ilikuwa na saa ngapi. Kanitumia picha aliyopiga kwenye menyu mwezi uliopita: saa 212. Yaani mpya kabisa. Nimeishiwa nguvu.

#43 FundiBuzuruga
Saa 212 hazisemi kitu. Ile hesabu mtu anairudisha sifuri mwenyewe kwenye menyu, anatakiwa afanye hivyo akibadilisha taa. Lakini hata asipobadilisha, akibonyeza inarudi sifuri. Wapo wanaofanya hivyo ili kuondoa lile onyo la "badilisha taa" lisitokee mbele ya bibi harusi. Mashine haijui kama umeweka taa mpya au umeidanganya.

#44 KijanaWaPasiansi
Kumeanza kunoga. Navuta kigoda.

#45 MkaziWaMabatini
Taa ilibadilishwa. Ilinunuliwa sokoni Makoroboi na risiti ipo.

#46 Sato_wa_Kuchoma
Raia wa kawaida ana risiti 😂😂😂

#47 MkaziWaMabatini
Nimesema "nadhani ilibadilishwa". Naelezea jinsi inavyoweza kuwa.

#48 Mzawa_wa_Kayenze
Hukusema nadhani. Panda juu usome #45 yako.

#49 HesabuKwanza
Na kama ilinunuliwa mpya, mpya ya aina gani? Kuna taa kamili ya mtengenezaji, kuna kijichupa cha kampuni nyingine kilichobandikwa kwenye kibebeo cha zamani, na kuna zilizotumika zikasafishwa zikarudi kwenye boksi. Ya mwisho ukiishika kwenye mwanga utaona kioo kina ukungu mweupe, hakiko angavu. Kioo kikishaanza kuwa cheupe hivyo kimechoka, kinangoja siku.

Halafu aliyeifunga alishika kile kioo kwa vidole vitupu? Mafuta ya mkono yanaungulia pale pale, panakuwa na doa la joto kuliko kwingine, panapasuka. Fundi alikuwa anakula sambusa?

#50 FundiBuzuruga
Hili la vidole naliunga mkono. Na taa za bei ya kutupa nimeona zikipasuka zikiwa na siku tatu, zimewashwa na kuzimwa kwa adabu zote za MamaKwaya.

#51 MamaKwaya
Kwa hiyo sasa na wewe #4 umehama? Mwanzo ulisema ungesubiri dakika 10 tusingekuwa na uzi huu.

#52 FundiBuzuruga
Sijahama. Nasema alilazimisha kuwasha ikiwa ya moto, hilo lipo. Nasema pia taa nzima kwa kawaida ingekataa tu kuwaka, ingemgomea hadi ipoe. Hii haikugoma mara ya pili. Kwa nini haikugoma? Hapo ndipo mashaka yangu yalipo.

#53 UmemeNiMaji
Kwa sababu alipochomoa na kuchomeka, mashine ilisahau kwamba ilikuwa ya moto. Ikaanza upya kama asubuhi.

#54 LezaTupu
Zina kipimo cha joto ndani, hazisahau.

#55 UmemeNiMaji
"Ile nyeupe" yenye herufi mbili unaijua ina kipimo gani?

#56 KivukoKamanga
Mimi nauliza kitu kidogo. Katikati ya mechi, mapumziko ya dakika 15, ni bora kuzima au kuiacha? Maana banda moja la Mabatini wanazima kila mapumziko eti wanaokoa taa.

#57 FundiBuzuruga
Iache. Kila kuwasha kunakula zile ncha za chuma. Kuzima na kuwasha kwa robo saa unaumiza taa kuliko ungeiacha. Tumia kitufe cha kuficha picha, na usisahau kukitoa. Usizibe lenzi kwa kitambaa wala karatasi, nimeona karatasi ya boksi inatoa moshi.

#58 MtuWaIgogo
Wakuu nimesoma yote. Hadi sasa wauaji ni: mimi, jenereta, wadudu, Makoroboi, na fundi wa sambusa. Jana tumekaa na shemeji na dada katikati. Nimemwambia suala la kurudisha hesabu sifuri, akanyamaza kidogo, akasema "nani kakwambia". Tumefikia kwamba taa tunanunua nusu kwa nusu, na yeye ndiye atakayeichagua. Mimi bado nina wasiwasi na hiyo ya kuchagua yeye.

Kwenye UPS nimeelewa, nimepata ya kompyuta iliyokuwa inakaliwa na kuku.

#59 MamaKwaya
Nunua na plasta.

#60 Mzawa_wa_Kayenze
Na ukifika nyumbani tafuta filta. Huwa pembeni au chini, kimlango kidogo cha plastiki. Burashi laini ya rangi, usipulizie kwa mdomo, utawameza.

#61 MkaziWaMabatini
Nusu kwa nusu si haki lakini sawa.

#62 KijanaWaPasiansi
Shemeji karibu, jisikie nyumbani.

#63 Mgeni_Nansio
Wakuu samahani kwa kuingilia uzi. Niko Ukerewe, tuna projekta ya shule. Nikibonyeza kuzima haizimi, inaleta maandishi ya Kiingereza ukutani na inaendelea kuwaka. Huwa naishia kuchomoa. Baada ya kusoma hapa nimeogopa. Nafanyaje?

#64 FundiBuzuruga
Maandishi yanasemaje?

#65 Mgeni_Nansio
Ngoja nikaangalie, iko bado inawaka.

Yanasema bonyeza tena.